Vidonge vya Manjano

9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe na hilo sikio lako la kushoto lililogoma? Mguu je, bado unauma ukisimama sana dukani? Mimi ni mzima, na safari hii nina habari ya kukufanya ufunge duka mapema: wamenipa kreni.

Si ya kuangalia, Shangazi, ya kuendesha! Asubuhi nafunga mkanda, napanda ngazi mpaka kwenye kibanda cha vioo huko juu, na nakaa peke yangu mpaka mapumziko ya mchana. Chini kuna mzee ananiongoza kwa bendera na simu ya upepo, wote tunamwita Mzee Bendera. Yeye ndiye aliyenipigania kwa msimamizi. Alisema, "Huyu binti ana mkono mtulivu. Hao wengine wanabeba mzigo kama wanafukuza mbwa." Msimamizi akacheka, kisha akanipa ufunguo.

Sasa tuje kwenye letu. Huko juu hakuna choo, na hakuna wa kumwambia nishikie hapa kidogo. Unakumbuka nilivyokuwa nikiteseka tangu nilipovunja ungo. Kila mwezi kitandani na ndoo ya matapishi, na ile siku nilipoanguka darasani wakanibeba kama gunia. Ni wewe uliyenipeleka kwa daktari, Mama akiwa amenuna mlangoni. Bila vidonge nisingeiweza kazi hii. Nameza vile vyeupe mfululizo bila kupumzika, kama daktari alivyoagiza, vya kahawia vya mwisho wa pakiti natupa, na damu haiji, na mimi ni mtu kama watu wengine.

Shida ni chumba. Tunalala wanawake sita, na mmoja ni mpishi tunayemwita Redio, kwa sababu unazozijua. Juzi ameokota pakiti yangu, ile yenye picha ya baba, mama na mtoto, na kufikia chai ya saa nne kambi nzima ilikuwa inaniuliza nina mabwana wangapi. Naomba safari hii unitolee vyeupe vyote kwenye pakiti zake, unitilie kwenye chupa ya vitamini. Mpe dereva wa lori la saruji, nimeshamweleza. Simu usipige, maana tutapigiana kelele mpaka mtaa wa tatu wajue siri yetu.

Nakupenda kuliko kreni.

Mwanao,
Kima


21 Februari

Kima wangu,

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo, mguu umetulia, sikio limekufa kabisa na nimeshalizika. Nilipoisoma barua yako nilipiga vigelegele peke yangu nyuma ya kaunta, na mteja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia, mtoto wangu anaendesha kreni. Akasema hongera, lakini nipe dawa.

Tulikuita Kima kwa sababu hukuacha paa wala ukuta. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikutafuta chini na wewe uko juu unamcheka. Laiti angekuwepo.

Chupa hiyo hapo. Dawa haipendi kutolewa nyumbani kwake, kwa hiyo ifunge vizuri na usiiweke juani. Kidole gumba kimevimba kwa kuvibandua kimoja kimoja, lakini kwa ajili yako nitabandua hata bati la nyumba. Meza saa ile ile kila siku, usirukeruke.

Mama yako alipita dukani. Akaanza ule wimbo wake, kwamba damu isiyotoka inarundikana ndani na siku moja itakuua. Nikamwambia kwa mara ya mia, wifi yangu, hairundikani, maana kwa dawa hii ule ukuta wa ndani ya mfuko wa uzazi haujengeki wa kubomoka. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikajifanya hata sikio zima limegoma. Usimjali, mimi nipo.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za dukani, habari za mguu? Mimi ni mzima wa afya, chupa yako haijanitia aibu hata siku moja.

Nikuambie kitu? Ninapoinua nondo kutoka chini na kuziweka ghorofa ya tisa bila kumgusa mtu, mafundi wanapiga makofi. Msimamizi amesema nikimaliza mwaka bila doa, nitakwenda kwenye ile kreni kubwa ya upande wa pili. Mzee Bendera ameanza kuniita "mwalimu", na ni yeye aliyenifundisha.

Na lingine, keti kwanza. Kuna fundi umeme hapa. Mpole, anacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Ananitaka tuoane mwakani. Nimemweleza yote, pamoja na vidonge. Sikumficha kitu. Aliniuliza swali moja tu: "Vinakusaidia?" Nikasema vinanisaidia. Akasema basi yameisha. Watoto tumekubaliana tusubiri kidogo, mpaka nishike ile kreni kubwa. Daktari aliniambia siku nikiwataka nitaacha vidonge na kumwona kwanza, basi.

Mwambie Mama ya harusi, mimi atanikatisha kabla sijafika katikati. Ya watoto usimwambie. Hilo ni lako na langu. Na unitayarishie chupa nyingine, hii inakaribia mwisho.

Mwanao,
Kima


5 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wote hatujambo, na tunakuombea usiku na mchana. Mungu akulinde huko juu, akulinde chini, akulinde ulalapo na uamkapo, akupe kila kilicho chema ambacho mwanamke hupewa.

Habari ya mchumba tumeipokea kwa furaha. Mama yako amelia. Anakuja dukani kila siku, anakaa kwenye benchi la wateja mpaka nifunge.

Chupa ya pili hiyo hapo. Usishangae ukiona vidonge vimekuwa vya manjano. Wenye kiwanda wamebadilisha rangi, dawa ni ile ile. Meza kimoja kila siku kama kawaida.

Sina mengi leo, wateja wamejaa.

Shangazi yako akupendaye


20 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Barua yako ilikuwa fupi, nikadhani mguu umeanza tena.

Mimi si mzima sana. Nimeanza hivi vya manjano, na siku chache tu baadaye damu imekuja. Nimeshtuka, maana nilikuwa nimeshaisahau ilivyo. Bahati ilikuwa ni siku zangu za mapumziko, nikajikunja kitandani na chupa ya maji moto tumboni. Redio mwenyewe amenihurumia, kanikorogea uji na hakusema na mtu. Leo imekata na nimerudi juu.

Wewe ndiye mwenye duka, niambie. Rangi ikibadilika na nguvu inabadilika? Nimeze viwili? Au niende zahanati waniangalie? Naogopa, Shangazi. Safari hii imenikuta kitandani, safari ijayo inaweza kunikuta na mzigo hewani na watu chini yake. Ukisema niache nitaomba likizo nije kwa daktari. Ukisema niendelee nitaendelea. Sina mwingine wa kumuuliza hili.

Mwanao,
Kima


28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma, nimeelewa. Usiende zahanati, watakuchanganya na maswali yao. Mwili unazoea rangi mpya tu. Endelea kumeza kimoja, usizidishe. Ile damu ilikuwa ya kuzoea, haitarudi.

Tulia, fanya kazi yako.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa stoo. Ndiyo, stoo. Nagawa glovu na kofia za chuma kwa watu niliokuwa nikiwaona wadogo kama punje kutoka juu.

Damu ilirudi, Shangazi. Ilinikuta nikiwa na fungu la nondo hewani. Ilianza kiunoni, kama mtu anakamua nguo, kisha macho yakaingia giza. Nilisikia Mzee Bendera akiita kwenye simu ya upepo, "Taratibu, mwalimu, taratibu, unayumba," nami nikawa namsikia kwa mbali sana. Mkono huu mtulivu ulitetemeka. Mzigo ukapiga jukwaa la mafundi. Mzee alikimbia kumvuta kijana mmoja aondoke pale, ubao ukamshukia begani. Nilishusha nondo chini mpaka zikalala, hilo nililifanya, sijui kwa nguvu za nani. Kisha sikuweza kusimama.

Walipanda watu wawili wakanifunga mkanda wakanishusha kama mzigo. Suruali imelowa mpaka magotini. Kambi nzima imesimama inatazama juu, na wengine ndio wale waliokuwa wakinipigia makofi. Nilitamani ngazi isiishe.

Zahanati nesi akaikuta ile chupa mfukoni. Akamimina vidonge kiganjani, akavitazama, akaniuliza mbele ya msimamizi: "Una mimba ya miezi mingapi?" Nikasema sina mimba. Akasema, "Basi mbona unameza dawa za wanaojiandaa kubeba mimba?" Akanionyesha kopo lao la zahanati. Manjano ile ile, ukubwa ule ule, alama ile ile katikati. Nikambishia, Shangazi. Nilimbishia yule nesi kwa nguvu zote. Nikamwambia hivi vinatoka kwa shangazi yangu, ana duka la dawa, hawezi kukosea.

Kisha nikakumbuka barua yako. Wenye kiwanda wamebadilisha rangi.

Hukukosea.

Mzee Bendera amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, yuko nyumbani amefungwa mkono kifuani. Nilikwenda kumwona, akaniuliza kama mimi nimepona. Kamati itakaa kuamua kama nitarudi kwenye kreni, na wanataka maelezo ni kwa nini dereva alimeza dawa isiyo yake. Mjini kote wanasema nilikuwa nimelewa, au nilikuwa natoa mimba.

Mama amenipinga mbele ya uso wangu tangu nikiwa mtoto, nami nilijua nisimame wapi. Wewe ulinipinga ukiwa umenishika mkono. Niliuliza, Shangazi. Nilikuandikia nikasema naogopa, sina mwingine wa kumuuliza, na wewe ukakaa na kalamu ukaniandikia nitulie nifanye kazi yangu.

Nieleze ni kwa nini. Nataka kukusikia mwenyewe.

Kima


11 Julai

Mwanangu, mwanangu,

Nimeshindwa hata kuitikia shikamoo yako, naona aibu. Pole. Pole kwa uliyoyapata, pole kwa huyo mzee.

Nitakuambia kweli. Nilimwambia mama yako ya harusi, na furaha ikaniponyoka mdomoni nikamwaga na ya watoto. Ndipo akaanza kukaa pale benchi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu. Alikaa tu, mkoba magotini, na kila mteja mwenye mtoto mgongoni akiingia ananitazama. Siku moja akasema, "Wifi, wewe hukuzaa. Unataka na wangu awe kama wewe?"

Kima, akilini najua vidonge havikufanyi tasa. Nawaambia wateja kila siku. Lakini neno lile lilinikaa kooni halikushuka. Nilisema nikupumzishe miezi miwili mitatu tu, mwili ukae tayari, kisha nirudishe vyeupe na wewe usijue. Nilikutilia vya manjano kwa sababu niliona angalau vitakujenga. Ulipoandika kwamba damu imekuja, nilitaka kukuambia. Niliandika barua mbili nikazichana. Niliogopa utanichukia.

Sasa nakuomba jambo, na nakuomba kwa magoti. Usilitaje duka mbele ya kamati. Wakaguzi wakijua nilimpa mtu dawa siyo, tena kwa makusudi, watalifunga na leseni wataichukua. Sina mume, sina mtoto, sina sikio. Nina duka. Sema ulichanganya chupa mwenyewe. Wewe bado kijana, kazi ni nyingi. Mimi nitakwenda wapi?

Shangazi yako, nakulilia


19 Julai

Shangazi,

Kikao ni tarehe nane mwezi ujao. Nikisema nilichanganya mwenyewe, sitapanda kreni tena, wala hapa wala kokote. Dereva anayechanganya chupa ni dereva anayechanganya mizigo. Ndivyo watakavyosema, na ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Lakini hukukosea kuniomba mimi, maana unajua moyo wangu ulivyo kwako. Ni wewe uliyekuwa ukinishikia ndoo. Nipe siku nifikiri. Ukitaka kunisaidia, waandikie kamati mwenyewe, waambie dawa zilitoka kwako na zilikosewa. Huna haja ya kusema makusudi. Kosa, basi. Hayo mengine yabaki kati yetu.

Kima


2 Agosti

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimewaandikia kamati kama ulivyotaka. Usiwe na wasiwasi, yatakwisha.

Nakutumia na pakiti zako, zile za siku zote, na picha yake na vya kahawia vyake, hazijaguswa. Hesabu mwenyewe.

Shangazi yako


12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu ni haki ya umri wako. Hali yako sikuulizi.

Kikao kilikaa. Walikuwa watu watano nyuma ya meza, na msimamizi pembeni. Mzee Bendera alikuja na mkono wake kifuani, akakataa kiti mpaka na mimi nipewe.

Nataka ujue nilivyokwenda. Asubuhi ile, njiani, nilikuwa nimeshaamua kukuficha. Nilipanga niseme sijui kosa lilitokea wapi, kwamba kifurushi kilipita mikono mingi. Fundi umeme aliniambia nina wazimu. Nikamwambia huyu amenilea. Barua zako zote nilikuwa nazo mkobani, kwa sababu natembea nazo siku zote, tangu zamani. Sikuzibeba kwa ajili ya kikao.

Mwenyekiti akasema, kabla hatujakusikiliza, tumepokea maelezo ya muuza dawa. Nikashukuru moyoni. Nikajisemea, ameandika, kumbe ameandika kweli.

Akasoma kwa sauti. Kwamba wewe ulitoa dawa sahihi, kwenye pakiti zake, zimefungwa. Kwamba mimi ndiye niliyezibandua na kuzitia chupani kwa kuwaficha wenzangu. Kwamba nilikuomba na hizo za manjano mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na mpango wa kubeba mimba. Na mwisho ukasema unanipenda kama mwanao, na unaomba kamati inihurumie.

Nilinyoosha shingo nikautazama ule mwandiko. Nilitaka uwe wa mtu mwingine. Ile "k" yako yenye mkia nilifundishwa na wewe, na mimi naiandika hivyo hivyo mpaka leo.

Msimamizi hakunitazama. Mwenyekiti akauliza kama nina la kusema. Shangazi, uongo wangu wa kukukinga nilikuwa nao mdomoni, nimeukariri njia nzima. Ungesubiri kidogo tu. Usingeandika chochote, ungekuwa salama na duka lako, na mimi ningekuwa stoo maisha yangu yote nikijiambia nimelipa wema.

Nikafungua mkoba. Nikawapa ya tarehe tano Mei, ya ishirini na nane Mei, na ya kumi na moja Julai. Walizipokezana mezani. Ile ya Julai mwenyekiti aliisoma kimya, akavua miwani, akamaliza akiwa ameishika mkononi. Waliniuliza huyu ni nani wako. Nikajibu, ni dada wa marehemu baba yangu.

Barua wamebaki nazo. Nakala zimekwenda kwa wakaguzi wa dawa, kwa hiyo watakuja, siku sijui. Mama nimempigia nikamweleza yote.

Mimi nimemwona daktari wa hapa. Amenirudishia vidonge vyangu vyeupe, mfululizo, kama zamani, na atanipima kila baada ya muda. Kamati imekubali, Jumatatu napanda kreni, kwa majaribio kwanza. Pakiti naweka dirishani, na picha yake ikitazama mlango. Redio aliiona asubuhi, akasema, "Umekumbuka kumeza leo?" Nikasema nimekumbuka.

Pakiti ulizonitumia nazirudisha na barua hii. Sikuzifungua na sikuzihesabu. Dereva wa lori nimemwambia asipokee tena kitu kutoka kwako.

Mtoto wa kaka yako